Barua Namba Saba

…nukta tu ndiyo imebaki, nukta moja peke yake kwenye mstari wake, halafu enta, basi, barua imekwenda Accra na mimi niende zangu kunywa maji, kazi ya kufumba na kufumbua, nimeifanya mara elfu tangu waniweke kwenye chumba hiki chenye kiyoyozi kinachokohoa, na leo kidole kimening'inia juu ya kitufe hakishuki, ei Afriyie, mwanamke mzima wa miaka arobaini na tisa, mama wa mtu, unaogopa nukta… saa ya ukutani inasema saa sita kasoro dakika kumi na moja, ikifika saa sita kamili modemu itaanza kulia na kupiga simu yenyewe, itabeba kilichopo kwenye foleni, na kisichopo kitalala hapa mpaka Jumatatu, maana leo Ijumaa, na mwisho wa juma laini ile wanaifunga, na Jumatatu itakuwa tumechelewa, Jumatatu kuna mtu kule Uswidi atashika kalamu atie saini, kwa hiyo bonyeza basi, bonyeza, barua ya watu hii, wewe ni mpitishaji tu… mpitishaji, ndiyo, hapo ndipo penye mkasa, kwa sababu barua namba saba kweli imeandikwa kwa Profesa Asamani, mkuu wetu wa kitivo, ambaye yuko Accra tangu mwezi jana kwenye kamati yao isiyokwisha, lakini inamzungumzia Afriyie wa chumba cha kompyuta, na Afriyie wa chumba cha kompyuta ni mimi, hakuna mwingine, nimehesabu.

"Nimewaambia nyeusi na nyekundu, wao wamekwenda kununua kahawia," anasema Dufie nyuma yangu, Dufie mpiga chapa wa ofisi ya msajili, kila siku kabla ya saa sita anakuja kukaa kwenye kiti cha wageni kusubiri barua za bosi wake, anamenya machungwa kwa wembe, anayakata kofia, anafyonza, anasimulia, na leo anasimulia msiba wa kesho kule Mampong, mjomba wa mumewe, "kahawia, shoga, msibani! Ukoo mzima tutaonekana wauza viazi," na mimi nasema mh, nasema loo, nasema watu hawana haya, huku macho yako kwenye skrini, kwenye kile kijistari kinachopepesa kikisubiri neno langu, kinapepesa, kinapepesa, hakina haraka hata kidogo… nisingeisoma, haki ya Mungu nisingeisoma, mimi nina sheria yangu, kitivo kizima kina anwani moja tu ya barua za ng'ambo, walimu thelathini na wawili na sanduku moja, kila kinachotoka nje kinaangukia kwangu, programu inanipangia orodha na namba, nafungua moja moja, nasoma mistari miwili ya juu nijue ni ya nani, nampitishia mwenyewe, wa hapa wa hapa, wa Accra wa Accra, mistari miwili tu, wa tatu siugusi, miaka minne sijaugusa, watu wameandikiwa humu talaka, wameandikiwa ajira, mmoja ameandikiwa na mwanamke wa Hamburg barua ndefu kama mahubiri ya Ijumaa Kuu, sijui iliishaje na sitaki kujua, lakini jina langu lilikuwa kwenye mstari wa tatu, A-f-r-i-y-i-e, na jicho likikutana na jina la mwenyewe halisimami tena, ni nani angesimama, niletee huyo mtu nimwone.

"Profesa kaka yangu," ameandika, "habari za huko kwenye joto. Hapa jua linatoka saa tatu na kuzama saa tisa, sijui limegombana na nani. Nina neno la kukutuma. Kuna Afriyie, yule wa chumba chetu cha kompyuta. Nataka umwulize, kwa upole tafadhali, si kwa sauti yako ya mkutano, kama nikituma wazee wa kwetu na chupa zao za posa waende wakabishe mlango kwa kaka yake, mlango utafunguliwa. Huku wananipa mkataba wa mwaka mwingine, wanataka saini Jumatatu. Kama mlango umefungwa nitasaini, nibaki na theluji yangu. Kama uko wazi hata nusu, nipigie simu Jumapili, nifunge masanduku. Gyamera." Basi, hivyo tu, hakuna maua, hakuna mpenzi wala malaika, ni mtu wa udongo yule, anafundisha udongo, anaandika kama udongo, na mimi nimeisoma mara sita, ya kwanza masikio yaliziba, ya pili nikatazama mlangoni kama kuna mtu, ya tatu nikacheka kwa nguvu mpaka Dufie akauliza mashine imenichekesha nini, nikasema bosi wa fulani kakosea jina, muongo mimi, ya nne nikagundua ameandika jina langu kwa herufi zote sahihi wakati hata kwenye cheti changu cha malipo wananiandika Afiriye.

Na mikono hii nayo, nani aliituma, mikono haikuuliza ruhusa, iliandika anwani ya Profesa yenyewe, ikaandika kichwa cha habari, kisha kiwimbi, kile kialama kilichojikunja kama nyoka, f, saba, enta, na programu ikajibu kwa mkato wake wa siku zote, saba, endelea, maana mikono imezoea, namba saba naiandika kila mara hata nikiwa na homa, tangu ule mkasa wa bwana Kpodo siandiki tena kiwimbi na f bila namba, kwa sababu ukiacha namba programu haikuulizi, inachukua barua ile ambayo mshale umesimama, ile uliyoisoma mwisho, na siku ile nilikuwa napitisha kwa mkuu wa chuo mwaliko wa kongamano la kakao, barua ya heshima yenye nembo, ila mshale ulikuwa umesimama kwenye barua ya bwana Kpodo, kutoka kwa kaka yake wa Hamburg, akimwelekeza namna ya kutumia dawa ya upara, apake asubuhi na jioni, asivae kofia, na wiki mbili asilalie mto wa mtu mwingine, ikaenda kwa mkuu wa chuo kamili mpaka nukta ya mwisho, karani wake akanisomea yote kwa simu, na mkuu wa chuo, mtu mwenye adabu zake, akajibu kwamba ameupokea mwaliko na atatuma mwakilishi… mbavu sina mpaka leo, ingawa siku yenyewe nililia, nililia humu humu nimefunga mlango, nikijua kazi imekwisha, na aliyebisha akaingia alikuwa Dakta Gyamera na ndizi za kuchoma kwenye gazeti, na karanga, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi na kila Alhamisi alileta ndizi za kuchoma na karanga, akaketi kwenye kiti hicho hicho cha Dufie, akasikiliza mpaka mwisho, na alipofika kwenye mto wa mtu mwingine akaanza kucheka kabla sijamaliza, ana tabia hiyo, anacheka kabla ya kichekesho, halafu akasema, "Mama Afriyie, kosa si lako, kosa ni la aliyekufundisha, na aliyekufundisha ni mimi," akaenda mwenyewe kwa bwana Kpodo kuomba msamaha, mwenyewe, kwa miguu, jua la saa nane, na bwana Kpodo akamsamehe kwa sharti moja tu, kwamba asiulizwe kama dawa imesaidia, na haikusaidia.

Alinifundisha yeye, ndiyo, wengine walisema huyu mama ametoka kwenye mashine ya telegramu, ataiweza wapi kompyuta, tuletewe msichana wa diploma, yeye akasema mtu aliyewahi kupeleka habari za vifo bila kukosea jina la marehemu ndiye ninayemtaka hapo, akavuta kiti, wiki tatu akanifundisha, na hakunigusa mkono hata siku moja kunielekeza kitufe, alielekeza kwa kalamu, kisha akachukua kipande cha manila akaniandikia amri zote, akakibandika pembeni ya skrini, kiko hapa, kimeshakuwa cha njano na kona moja imeliwa na mende, mwandiko wake wa kulala, m ni kuandika, kiwimbi na f na namba ni kupitisha, kiwimbi na c ni kumpa mwingine nakala, d ni kufuta, na chini kabisa amepigia mstari mara mbili, nukta peke yake ni kutuma, ikienda hairudi… "Shoga, unanisikia au naongea na kiyoyozi?" Nakusikia Dufie, kahawia, "Nimeshatoka kwenye kahawia zamani, niko kwenye viti, wamekodi viti mia mbili, sisi watu mia tano, watakaa mapajani mwa nani?" na ninacheka, nacheka kweli, na wakati nacheka nafikiri wazee wa kwao ni wa wapi, ni wa Juaben au wa Ejisu, na kaka yangu ana viti vingapi, ona ulipofika mwanamke, tayari unahesabu viti.

Tulia. Tulia kwanza. Una nyumba yako ya vyumba viwili nyuma ya kanisa, una redio, una kitanda unalala katikati kama malkia, mguu huku mkono kule, supu yako unatia pilipili mpaka jasho likutoke na hakuna wa kusema tumbo langu, miaka kumi na mmoja tangu Boakye anirudishe kwetu na masanduku mawili na cherehani aliyoing'oa pedali, kwamba pedali aliinunua yeye, nilikula kiapo siku ile mbele ya mama yangu, mwanaume tena ng'o, mama akasema kula kwanza chakula ndipo ule viapo, na miaka hii kumi na mmoja imekuwa mizuri, sitasema uongo, nimemsomesha mwanangu Konadu, nimemwoza, sasa ana duka lake Takoradi na ananipigia simu kila Jumapili kuniuliza nimekula nini, nina raha zangu, na huyu Gyamera anakoroma, najua, alisinzia kwenye kiti hicho siku laini ilipokatika nikadhani modemu imefufuka, anaimba nyimbo za kanisani nje ya njia, siku moja alikuja kazini na kiatu cheusi na kiatu cha hudhurungi, akasema jozi ya pili anayo nyumbani, anafyonza kichwa cha samaki mpaka watu wa mezani wanahama… na alimuuguza mkewe, lazima niliseme hilo, mama Serwah alipougua ile miaka miwili nilikuwa nawaona hospitali Jumanne, mimi nikimpeleka mama yangu macho, yeye anamsukuma mkewe kwenye kiti cha magurudumu huku anamwimbia vibaya vile vile, na mama Serwah ananitazama na kufumba jicho moja, kama kusema mvumilie tu huyu, ndivyo alivyo, miaka sita sasa tangu tumzike, na mimi niliupika wali wa arobaini yake, na sikuwahi kufikiria, sikuwahi… sawa, niliwahi, mara moja, Alhamisi ya kwanza baada ya yeye kupanda ndege, nilinunua ndizi za kuchoma mwenyewe, nikakaa nazo hapa, hazikuwa na ladha, nikasema ni mahindi ya mwaka huu mabaya, halafu nikakumbuka ndizi si mahindi.

Lakini Profesa Asamani jamani! Kati ya watu wote wa kutumwa neno la siri, Asamani, mtu asiyejua kunong'ona, akikusalimia kantini wanaoswaki bwenini wanaitikia, barua hii ikimfikia saa sita, saa saba kamati nzima inajua, saa nane Accra nzima, na kesho msibani Mampong, katikati ya kahawia, mtu ataniletea pole na hongera kwa pamoja, na nikisema hapana, mlango umefungwa, hapana yangu itatembea barabara hizo hizo, watasema Afriyie kamkataa Dakta, anajiona nani, mpitisha barua, na yeye atabaki kule na theluji yake, na nikisema ndiyo… kasoro dakika saba… hivi alikuwa anawaza nini, mtu na shahada zake tatu, miezi minane tu ughaibuni ameshasahau kwamba ukimwandikia Profesa kwenye anwani ya kitivo unamwandikia Afriyie kwanza, kwamba hakuna barua inayoingia hapa bila kupita chini ya pua hii, amesahau, msahaulifu yule, mtu wa viatu viwili, amemtuma mjumbe na barua yenyewe imekuja kukaa mapajani mwa bibi harusi, kosa la namna hii hata bwana Kpodo hawezi, na namwonea huruma, nawaza akijua atajificha chini ya kitanda, basi bora nifanye sijaona, nipitishe kimya kimya, Profesa akinipigia nishtuke, nijizoeze kushtuka, nani, mimi? Ei Profesa, unanitania! Nishike kifua. Hapo nitakuwa nimetunza heshima ya kila mtu, bonyeza, kidole, shuka.

"Hivi barua ya Profesa wenu bado inapita kwako?" anauliza Dufie, ameinama begani kwangu na harufu ya machungwa, haraka nateremsha skrini mistari kadhaa, naona yeye anatazama juu tu, kwenye jina la Asamani, "mbona bosi wangu anamwandikia moja kwa moja kule kule Accra, si alipewa anwani yake mwenyewe kwenye ile kamati? Watu wote wanayo." Wanayo, nasema, wengine wanapenda kupitia kwangu, na anarudi kwenye kiti chake na viti vyake mia mbili, na neno lenyewe ndipo linaniingia sasa, wanayo, watu wote wanayo, na Gyamera anayo kuliko watu wote, kwani nani alimpelekea, si mimi, tarehe tano ya mwezi jana, Dakta, kuanzia sasa Profesa mwandikie Accra, anwani hii hapa, na akajibu asante Mama Afriyie, na Profesa mwenyewe Jumatatu hii amenipigia simu, anasema amepata kutoka kwa Gyamera barua tatu kuhusu vipimo vya udongo, barua tatu, moja kwa moja, Accra, hazikupita hapa, sikuziona… tatu za udongo kwenda Accra, na hii moja, hii moja tu ya mlango, kuja hapa Kumasi. Yule mtu hakusahau kitu. Yule mtu alikaa kwenye giza lake la saa tisa, akaichagua anwani, akaandika jina langu kwenye mstari wa tatu, wa tatu, anajua sheria yangu, nilimwambia mwenyewe nasoma miwili, alicheka, alisema kwa hiyo mtu akitaka umsome akuweke wa tatu, alisema hivyo, hapo hapo, na maganda ya karanga kwenye tai, nilidhani ni mzaha wake, na desturi ameishika barabara, hakumwuliza mwanamke mdomoni, amemwandikia mkubwa wake amtume, hakuna mzee wa kwao wala wa kwetu atakayesema alikosa adabu, ila amehakikisha barua inapita kwa mwanamke kwanza, na amemwachia… ei Gyamera… amemwachia d. Herufi moja. Kama simtaki naibonyeza d, namba saba inafutika, Profesa hatajua iliwahi kuwapo, Accra haitajua, hakuna aliyekataliwa, hakuna aliyekataa, yeye atasubiri Jumapili simu isilie, atasaini, atarudi siku moja na kunisalimia Mama Afriyie habari za siku nyingi, na Alhamisi ataleta ndizi za kuchoma kana kwamba hakuna kitu. Amenifungulia mlango wa uani kabla ya kubisha wa mbele. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo hivi, Boakye hakuniuliza, baba alikubali nikiwa kisimani, nikarudi na ndoo nikakuta chupa zimeshanywewa.

Na mimi nilikuwa nakwenda kubonyeza eti natimiza kazi! Nilikuwa naipitisha kama mwaliko wa kakao, nimefunga macho, nimejizoeza kushtuka, kumbe kuipitisha ndiyo jibu lenyewe, nukta hii si ya Profesa, ni yangu, na ikienda hairudi, ameandika mwenyewe hapa kwenye manila na kuipigia mistari miwili, miaka minne naitazama… machozi nayo yanataka nini, ondokeni, Dufie ataona, nafuta kwa kiganja, nasema kiyoyozi hiki vumbi lake, "Nimekwambia siku zote uvae miwani," anasema, na kasoro dakika nne, modemu imewasha taa yake nyekundu kujiandaa, na kidole kiko pale pale kilipokuwa, juu ya kitufe kile kile, kijistari kinapepesa vile vile, hakuna kilichohama chumbani isipokuwa chungwa la Dufie limekwisha, na mimi sijioni yule aliyekaa hapa dakika saba zilizopita, yule alikuwa anaogopa Profesa atasema nini, huyu anawaza kitanda kisogezwe ukutani au kibaki, na koroma lake, haya, pamba za masikio si zipo sokoni, na pilipili, pilipili sipunguzi, hilo nitawaambia wazee wake mbele ya chupa, liandikwe.

Ila sitaki Gyamera ajue Jumapili kwa sauti ya Asamani. Hapana. Kabla ya nukta bado nina mstari mmoja, kiwimbi, c, na hapa anwani yake ya Uswidi, naiandika pole pole herufi kwa herufi, nahakiki kama ninavyohakiki majina ya marehemu, enta, barua yake mwenyewe itamrudia na jina langu juu yake, imepitishwa na Afriyie, sitaongeza neno, hata moja, mtu wa udongo atasoma mwenyewe… "Dufie." "Niambie." "Jumamosi ya tatu kutoka kesho mna msiba?" "Hiyo? Hatuna, namshukuru Mungu, labda afe mtu sasa hivi. Kwa nini?" "Hakuna. Uje nyumbani kwa kaka yangu, uje asubuhi, uje na vile vyombo vyako vikubwa." "Kuna nini kwa kaka yako? Afriyie? We Afriyie, nigeukie nikuone, mbona unacheka peke yako, nivae nini basi?" na saa ya ukutani imebakiza dakika moja, na kidole kinaanza kushuka.

"Chochote," namwambia, "ilimradi si nyeusi."